Gitaa la Mngurumo Mzito kwa Mkusanyiko Unaokua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mpigaji ambaye tayari ana gitaa moja, mawili au matatu, anayajua vizuri, na sasa sikio lake linadai mngurumo ambao hayo aliyo nayo hayautoi. Mimi ni fundi wa magitaa mjini Kampala. Maswali haya huletwa na wateja wanaokaa mbele ya meza yangu na wengine wanaopiga simu kutoka Arua, Bombo, Jinja na Tororo, na wengi wao huwa wamekwisha kutaja jina la kampuni wanayoitaka kabla hawajasema wanataka kupiga nini. Nimeyajibu kwa utaratibu ninaoufuata mezani: sauti kwanza, kisha pikapu (sumaku zilizo chini ya nyuzi zinazoipokea sauti) na tyuni (noti ambazo nyuzi zimekaziwa), na mambo ya umbo na rangi nimeyaacha kwa macho ya mnunuzi mwenyewe.

Tunaposema gitaa lina sauti nzito, tunamaanisha nini hasa?

Neno hilo moja hubeba mambo matatu tofauti, na anayeyachanganya hununua gitaa lisilo lake. La kwanza ni unene wa sauti yenyewe, yaani wingi wa masafa ya chini na ya kati ukilinganishwa na yale makali ya juu. La pili ni mkwaruzo, yaani distosheni, ambayo huzaliwa pale mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye gitaa yanapozidi uwezo wa amplifaya kuyapitisha yakiwa mazima, hata vilele vyake vikakatwa. La tatu ni tyuni ya chini, yaani kulegeza nyuzi zote, au ule uzi mnene peke yake, ili noti ishuke chini ya E ya kawaida.

Historia inaonyesha jinsi mambo haya yanavyotengana. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alichana kwa wembe karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo ili apate mkwaruzo, na gitaa lake halikuguswa. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa amepoteza ncha za vidole viwili katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham, na katika albamu ya bendi hiyo ya mwaka 1971 alishusha nyuzi nusutoni tatu (nusutoni ni hatua ndogo kati ya noti moja na inayofuata) hadi C#, jambo lililolegeza nyuzi chini ya vidole vyake vilivyoumia na wakati huohuo likaizamisha sauti ya bendi nzima. Mmoja aliupata uzito kwenye spika, mwingine kwenye vigingi vya kukazia nyuzi. Kwa hiyo mteja anaponiambia anataka gitaa zito, swali langu la kwanza ni uzito upi, kwa sababu uzito wa aina ya pili huenda akaupata kwa kununua pedali tu, kile kifaa kidogo cha kukanyagwa kwa mguu, akabaki na fedha zake nyingine.

Je, gitaa lililo zito mkononi ndilo lenye sauti nzito?

Hapana. Magitaa mengi ya Les Paul ya kampuni ya Gibson huwa na kilo 4 au zaidi, ilhali SG ya kampuni hiyohiyo, ambayo mwili wake ni mwembamba na mwepesi kuliko huo, ndiyo iliyokuwa mikononi mwa Iommi. Kilo hizo utazihisi begani katika ibada ya saa tatu, wala hutazisikia kwenye spika.

Nina gitaa la aina ya Stratocaster na gitaa kavu. La tatu liwe lipi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake hutegemea pengo lililopo. Mkusanyiko mzuri ni ule ambao kila gitaa lina kazi ambayo jirani yake hawezi kuifanya. Gitaa kavu unalo kwa ajili ya kadongo kamu na nyimbo za kukaa chini ya mti. Stratocaster, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1954, ina pikapu tatu za koili (waya uliozungushwa) moja moja na sauti ya kung'aa inayosikika vizuri ikiwa safi, lakini ukiongeza mkwaruzo mwingi huanza kuvuma na kuwa nyembamba. Pengo lako, basi, ni gitaa lenye pikapu za koili mbili, zile tunazoziita hambaka, na ambalo daraja lake, yaani sehemu iliyo mwilini inayoshikilia ncha za nyuzi, halisogei.

Magitaa ya namna hiyo yako katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa Les Paul, iliyoanza mwaka 1952, na SG, iliyofuata mwaka 1961. Urefu wa uzi wake, yaani umbali kutoka kizingiti kilicho juu ya shingo hadi darajani, ni takriban milimita 628, na sauti yake ni nene, ya mviringo, yenye masafa ya kati yaliyoshiba. Epiphone hutengeneza magitaa hayohayo ya Gibson kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu unaweza kuifikia baada ya kuweka akiba. Ukoo wa pili ni wa magitaa yaliyochukua umbo la Stratocaster na kulibadilisha kwa ajili ya kasi na mkwaruzo: Ibanez RG iliyotoka mwaka 1987, pamoja na mengi ya Jackson na ya Schecter. Uzi wake una milimita 648, shingo ni nyembamba, na noti za chini hutoka zikiwa zimekaza, zikikatika haraka kama mpigo wa ngoma.

Rai yangu ni hii: ukikusudia kubaki kwenye E au kushuka hadi D tu, chukua ukoo wa kwanza, maana utakupa tofauti kubwa zaidi na Stratocaster uliyo nayo. Ukikusudia kushuka hadi C au chini yake, chukua ukoo wa pili. Na kama tayari una gitaa la aina ya Les Paul, usinunue la pili lenye rangi nyingine ukajidanganya kwamba umepanua mkusanyiko. Tazama gitaa la nyuzi saba au baritoni, ambayo nimeyaeleza hapa chini.

Kuna njia ya kati ambayo wengi huisahau. Pikapu ya P-90, ambayo Gibson iliitoa mwaka 1946, ni ya koili moja lakini ni pana, na sauti yake ni nene yenye ukali wa kukwaruza. Wakati wa kurekodi albamu ya kwanza ya Black Sabbath, pikapu ya Stratocaster ya Iommi iliharibika, akachukua SG iliyokuwa na P-90, na hiyo ndiyo sauti ambayo wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa muziki wa metali. Mwenye gitaa moja la koili moja na moja la hambaka atapata kwa P-90 kitu ambacho hayo mawili hayamsemei.

Hambaka inafanyaje kazi, na kwa nini inapendwa hivyo?

Pikapu yoyote ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, sumaku-uga hubadilika na umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Tatizo ni kwamba waya huo haubagui: hupokea pia mawimbi yanayotoka kwenye transfoma, taa za mirija na nyaya za ukutani. Umeme wetu hapa Uganda ni wa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na ndiyo maana gitaa la koili moja likiwa karibu na jenereta au inveta huvuma kwa mlio mzito usiokoma, na ukiongeza mkwaruzo mlio huo unaongezeka pamoja na muziki.

Seth Lover, mhandisi wa Gibson, alibuni suluhisho mwaka 1955: koili mbili zilizowekwa bega kwa bega, zenye sumaku za ncha zilizogeuzwa na waya uliopishana mwelekeo. Mvumo unaozifikia koili zote mbili hujifuta wenyewe, ilhali sauti ya uzi hujumlishwa. Pikapu hizo zilianza kuwekwa kwenye Les Paul mwaka 1957. Jambo ambalo Lover hakulitafuta, lakini ndilo lililobadilisha muziki, ni kwamba koili mbili hutoa umeme mwingi zaidi na hupunguza ukali wa juu, hivyo amplifaya husukumwa hadi kwenye mkwaruzo kwa urahisi. Katika jiji ambalo nyumba nyingi hazina waya wa ardhini uliofungwa vizuri, ukimya wa hambaka pekee unatosha kuwa sababu ya kuinunua.

Je, pikapu yenye nguvu zaidi ndiyo bora?

Si lazima, na hapa ndipo wauzaji huwapoteza watu. Hambaka zilizofuata desturi ya 1957 huwa na ukinzani wa omu elfu 7 hadi elfu 9 hivi. Zile zilizosukwa kwa ajili ya mkwaruzo, kama Super Distortion ya DiMarzio, hufika zaidi ya elfu 13, na JB ya Seymour Duncan hufika kama elfu 16. Mizunguko inapoongezeka, nguvu huongezeka na ukali wa juu hupungua. Kwenye E ya kawaida hilo huleta utamu. Kwenye tyuni za chini, ambako noti zenyewe tayari ni nene, pikapu ya namna hiyo inaweza kugeuza kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, kuwa uji, noti tatu zikasikika kama moja. Mara nyingi nimeondoa pikapu kali kwenye gitaa lililoshushwa hadi B, nikaweka ya wastani yenye sumaku ya seramiki, na mwenye gitaa akaniambia limekuwa zito zaidi, kumbe limekuwa wazi zaidi.

Pikapu zenye betri, ambazo EMG 81 ndiyo maarufu kuliko zote na ndiyo wanayohusishwa nayo wapigaji wa bendi ya Metallica, zina koili zenye mizunguko michache na kikuza sauti kidogo ndani yake kinachotumia betri ya volti 9. Hazivumi, na noti zake hutoka zimekatwa kwa usafi hata mkwaruzo ukiwa mwingi. Kasoro yake ni kwamba sauti isiyo na mkwaruzo huwa kavu kidogo, na ukisahau kuchomoa waya baada ya kupiga, betri hukwisha. Weka betri ya akiba kwenye begi, na uinunue duka linalouza kwa wingi, kwa sababu zilizokaa rafuni mwaka mzima huwa zimekwisha kupoteza nguvu.

Nikitaka kushusha tyuni, ni nini hutokea kwa nyuzi, na nitumie nyuzi za unene gani?

Nawaomba wasomaji wakae kidogo na hesabu hii, maana ndiyo inayoamua gitaa lipi litakufaa. Mkazo wa uzi hutegemea uzito wa uzi wenyewe, urefu wake na kasi ya mtikisiko wake, na vipimo hivi viwili vya mwisho huingia kwenye hesabu vikiwa vimezidishwa kwa vyenyewe. Ukishusha kutoka E hadi D, mkazo hupungua kwa takriban asilimia 20. Ukishusha hadi C#, kama Iommi, hupungua kwa asilimia 29. Ukishusha hadi C, hupungua kwa asilimia 37. Uzi uliolegea kiasi hicho hugonga freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, na ukibonyezwa kwa nguvu noti hupanda kuliko inavyotakiwa, na ndiyo maana gitaa lililoshushwa bila kubadilisha nyuzi husikika kama limelewa.

Dawa ya kwanza ni unene. Seti ya kawaida huanzia inchi 0.010 hadi 0.046. Ili kurudisha mkazo uleule, uzi mnene wa 0.046 unahitaji kuwa takriban 0.052 kwa D, 0.058 kwa C na 0.062 kwa B. Dawa ya pili ni urefu. Gitaa la milimita 648 lina mkazo wa asilimia 6 hivi zaidi ya lile la 628 kwa uzi uleule na noti ileile, na baritoni ya inchi 27, yaani milimita 686, huongeza asilimia nyingine 12 juu ya hapo. Hiyo ndiyo sababu nikasema ukoo wa pili unafaa zaidi kwa C na chini yake: urefu hukupa mkazo bila kulazimika kutumia nyuzi nene kama nyaya za senyenge.

Swali hufuata: mbona Iommi alitumia nyuzi nyembamba juu ya gitaa fupi? Alifanya hivyo kwa sababu ya vidole vyake, na mguso wake uliolelewa na maumivu ni mwepesi mno. Mwenye vidole kamili anayekandamiza kwa nguvu, akiiga nyuzi zile, atatoka nje ya tyuni kila kodi.

Unapobadilisha unene, mweleze fundi wako. Mifereji ya kizingiti cha shingo hupasuliwa kwa unene fulani, na uzi mnene ukilazimishwa ndani yake hukwama, kisha kila ukikaza huruka kwa ghafla.

Nichukue nyuzi saba, nyuzi nane au baritoni?

Gitaa la nyuzi saba huongeza B ya chini, yenye mtikisiko wa hezi 62 hivi, bila kukunyima chochote ulichokizoea juu yake. Ibanez iliingiza la kwake sokoni mwaka 1990 pamoja na mpigaji Steve Vai, na bendi ya Korn, katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1994, walilishusha zaidi hadi A na kulifanya sauti ya kizazi kizima. Kwa mwenye mkusanyiko unaokua, hili ndilo ningelipendekeza kwanza, kwa sharti kwamba utatenga miezi michache ya kuuzoeza mkono wa kulia usipotee kati ya nyuzi.

La nyuzi nane hushuka hadi F#, hezi 46, nusutoni mbili tu juu ya uzi mnene wa gitaa la besi. Mpigaji wa besi wa bendi yako atabaki bila mahali pa kukaa, na isipokuwa unapenda sana muziki wa bendi ya Meshuggah na wanaofuata njia yao, liache kwanza.

Baritoni ni gitaa la nyuzi sita lenye shingo ndefu, linalokaa kwenye B au A kana kwamba limezaliwa huko. Vidole havijifunzi mpangilio mpya, kwa kuwa maumbo ya kodi ni yaleyale. Wanaopenda mwendo wa taratibu na mzito, kama ule wa Vale of Amonition, bendi ya metali ya hapahapa Kampala, watalipenda.

Aina ya mbao ina umuhimu gani?

Mdogo kuliko inavyosemwa. Pikapu hupokea mtikisiko wa chuma, na mbao huchangia katika namna uzi unavyodumu kulia, lakini mchango huo hufunikwa na pikapu, unene wa nyuzi na spika. Usilipe fedha nyingi zaidi kwa ajili ya jina la mti. Wanaoniuliza kama seremala wa hapa anaweza kuchonga mwili wa gitaa kwa mkangazi, ule mti wa jamii ya mahogani unaokua katika msitu wa Budongo, nawajibu kwamba mwili anaweza, mradi mbao ziwe zimekauka kweli na zimepatikana kihalali. Shingo ni kazi nyingine kabisa. Kosa la milimita moja katika kupanga freti litakufuata kila noti, kwa hiyo shingo nunua iliyokwisha kutengenezwa.

Daraja la Floyd Rose ni zuri kwa muziki mzito?

Ni zuri kwa anayeutumia ule mkono mdogo wa chuma uliofungwa kwenye daraja hilo kushusha na kupandisha noti kwa nguvu, kwa kuwa nyuzi hufungwa kwa skrubu pande zote mbili na tyuni haitoki. Lakini daraja hilo huelea likishikwa na springi nyuma, kwa hiyo ukishusha uzi mmoja nyuzi nyingine zote hupanda, na kubadilisha tyuni kutoka E hadi D hugeuka kazi ya nusu saa. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, gitaa lote hupotea. Kwa gitaa lako la kwanza zito chukua daraja lisilosogea.

Badala ya kununua gitaa jingine, siwezi kubadilisha pikapu kwenye hili nililo nalo?

Unaweza, na wakati mwingine ni uamuzi wa busara. Zipo hambaka nyembamba, kama Hot Rails ya Seymour Duncan, zinazoingia kwenye nafasi ya koili moja bila kukata mbao. Ukiiweka karibu na daraja la Stratocaster yako, utapata sehemu kubwa ya mngurumo unaoutafuta kwa gharama ndogo. Ninachoonya ni kuligeuza gitaa zuri lililo kamili katika kazi yake kuwa gitaa la nusu kwa nusu. Kama Stratocaster hiyo ndiyo inayokulisha katika harusi na kanisani, iache ilivyo.

Gitaa zito litafaa kanisani na kwenye muziki wa lingala?

Ndiyo, likichaguliwa kwa uangalifu. Sebene huhitaji sauti safi, yenye kung'aa, inayopenya juu ya ngoma bila kuzikanyaga, na hambaka kamili huwa nene mno kwa kazi hiyo. Tafuta gitaa lenye swichi ya kugawa koili, ambayo huzima koili moja ya hambaka ili ibaki kama pikapu ya koili moja. Haitakuwa Stratocaster kamili, na ule mvumo wa hezi 50 utarudi, lakini kwa ibada ya Jumapili inatosha. Magitaa mengi ya PRS SE yana mpango huo, na urefu wa uzi wake ni inchi 25, yaani milimita 635, katikati ya koo zile mbili.

Amplifaya yangu ni ndogo. Je, gitaa jipya litasikika zito?

Hapa nitasema wazi: amplifaya na spika ni nusu ya sauti, na pengine zaidi ya nusu. Spika ya inchi 6 haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa noti ya hezi 62, hata gitaa liwe la thamani gani. Kama bajeti yako inaruhusu kitu kimoja tu na amplifaya uliyo nayo ni ya spika ndogo, anza na amplifaya yenye spika ya inchi 12, kisha gitaa lisubiri msimu mwingine. Najua si jibu ambalo mtu anayependa magitaa anataka kulisikia.

Mbinu moja ambayo wapigaji wa metali wameitumia kwa miaka mingi: weka pedali ya aina ya Tube Screamer mbele ya amplifaya yenye mkwaruzo wake yenyewe, punguza mkwaruzo wa pedali hadi karibu na sifuri, na uongeze kiasi cha sauti yake. Pedali hiyo hupunguza besi kabla haijaingia kwenye amplifaya, na mngurumo hukaza. Wengi huongeza besi wakitafuta uzito, na kumbe besi nyingi kabla ya mkwaruzo ndiyo inayoleta tope.

Kabla ya kuchomeka chochote kilichotoka Marekani, soma kibandiko kilicho nyuma. Umeme wa huko ni wa volti 120 na wetu ni wa volti 240. Amplifaya isiyo na swichi ya kubadilisha itaungua mara moja, kwa hiyo ni lazima uwe na transfoma ya kushusha inayobeba wati za kutosha. Na usikate pini ya ardhini kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na ardhi hiyo, na kifaa kikiharibika, umeme utapita mkononi mwako hadi mdomoni kwenye maikrofoni.

Ninunue jipya, lililotumika, au niagize kutoka nje?

Kwenye maduka ya Kampala utalishika gitaa kabla ya kulipa, na hilo lina thamani yake. Anayeagiza kutoka nje ajumlishe usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla ya kulinganisha bei, maana gitaa linaloonekana rahisi kwenye skrini mara nyingi hupoteza urahisi wake likifika uwanja wa ndege wa Entebbe.

Lililotumika lichunguze hivi: litazame shingo kwa jicho moja kutoka kwenye kichwa kuelekea mwili, uone kama imepinda au imejisokota. Piga kila noti kwenye kila freti ukisikiliza inayokufa. Zungusha kila kitufe gitaa likiwa limechomekwa. Kisha angalia nyuma ya kichwa, hasa kwenye magitaa ya aina ya Les Paul, kwa sababu kichwa chake kimeinama kwa digrii 17 na mbao za shingo huwa nyembamba mahali hapo, na ndipo yanapovunjika yakianguka. Ufa ulioungwa vizuri si tatizo kwa kupiga, lakini lazima upunguze bei. Gibson za bandia ni nyingi: kifuniko kidogo cha plastiki kilicho kichwani kwenye Gibson halisi hufungwa kwa skrubu mbili, na ukiona tatu, mrudishie muuzaji gitaa lake kwa heshima na uende zako.

Mimi hupiga kwa mkono wa kushoto. Nifanyeje?

Iommi naye hupiga kwa kushoto. Uchaguzi wako ni mdogo zaidi, kwa hiyo agiza mapema, na usigeuze gitaa la kulia kabla ya kumwonyesha fundi kizingiti na daraja lake.

Hali ya hewa yetu na safari za boda boda zitaliathiri?

Zitaliathiri. Karibu na Ziwa Victoria, hewa ya misimu ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, huwa na unyevu mwingi kuliko kiwango cha asilimia 45 hadi 55 kinachopendwa na magitaa. Nyuzi hushika kutu na shingo husogea. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na uweke vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya kasha. Kaskazini mambo hugeuka: katika kiangazi cha Desemba hadi Februari mbao za shingo hunywea, na ncha za freti hutokeza pembeni zikakwaruza mkono. Wateja wa Arua huniletea tatizo hilo kila mwaka, nami huwapigia ncha hizo tupa kidogo, kazi ya saa moja.

Juu ya boda boda, begi laini mgongoni huliacha kichwa cha gitaa kikichomoza juu ya kofia yako, na tawi moja au kioo cha lori kinatosha. Tumia kasha gumu ulilolipakata kati yako na dereva, au panda teksi.

Likishafika nyumbani, nianze na nini?

Liache ndani ya kasha siku moja lizoee hewa ya chumba. Kisha amua tyuni litakalokaa nayo, na uiache hapo: faida kubwa ya kuwa na magitaa kadhaa ni kwamba moja hukaa kwenye E, jingine kwenye D, jingine kwenye B, na hakuna shingo inayovutwa na kulegezwa kila juma. Weka nyuzi za unene unaolingana na tyuni hiyo, lipe shingo siku mbili itulie, halafu ndipo ufito wa chuma ulio ndani yake uzungushwe, si zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja. Baada ya hapo pima umbali kati ya pikapu ya darajani na uzi uliobonyezwa kwenye freti ya mwisho. Milimita 2 hadi 3 ni mwanzo mzuri, na ukisikia tope kwenye uzi mnene, shusha pikapu upande huo kidogo kabla hujagusa kitu kingine chochote.